Nataka kujiita mwanablogu waziwazi: nitumie jina gani, na mambo ya nyumbani yaishie wapi?

BintiKuze ameuliza:

Assalaam aleykum jamaa. Nataka kufungua blogu ya Kiswahili kuhusu maisha ya nyumbani hapa Mji wa Kale, Mombasa: mapishi ya siku za kawaida, malezi, Ramadhani, mambo ya nyumba na majirani. Nimechoka na statasi za WhatsApp zinazofutika baada ya saa 24. Mtu akiniuliza nafanya nini, nataka nijibu bila kigugumizi kwamba mimi ni mwanablogu.

Maswali yangu ni haya. Nitumie jina kamili au lakabu? Huku kwetu jina la baba na la babu likitajwa tu, watu washajua mtaa, nyumba na shangazi zako wote. Pili, picha za watoto na jamaa, ipi iwekwe na ipi iachwe? Tatu, mambo ya mitambo: nina simu tu, pesa kidogo, na sitaki siku moja nikute kila kitu kimepotea. Naomba maelezo ya hatua, si ya kutiana moyo.

---

KalamuTudor amejibu:

Wa aleykum salaam, dada yangu. Limalize kwanza la jina, kwa sababu likishatoka halirudi. Kutoka lakabu kwenda jina kamili unaweza siku yoyote. Kurudi nyuma ni vigumu mno, maana posti za zamani zitakuwa zimenakiliwa, zimepigwa picha za skrini na zimeingia kwenye Google.

Pima kwa unachotaka kuandika. Kama ni mapishi, ushonaji au matembezi ya mjini, na unataka hoteli au jarida likuite kwa kazi, jina halisi lina faida, kwa sababu watu hupenda kujua wanayemlipa ni nani. Ukiingia malezi, ndoa, maradhi au mirathi, tumia lakabu. Katika hayo hujianiki peke yako: ukijulikana wewe, ameshajulikana mumeo, mkweo na mwanao. Kwa blogu uliyoieleza, ningechukua jina la kwanza na neno moja la kalamu, jina la baba nikaliacha. Mtaa pia usiutie kwenye jina la blogu. Jina la kwanza, mtaa na idadi ya watoto vinatosha kabisa kwa mtu wa Kibokoni, mtaa wa hapo hapo Mji wa Kale, kubisha mlangoni kwako.

Sasa, lakabu huvuja mahali ambapo wengi hawatazami. Kwenye WordPress, moja ya mifumo ya kuandalia blogu, anwani ya ukurasa wa mwandishi hutengenezwa kutokana na jina la kuingilia. Ukijisajili kwa jina kamili kisha ukaonyesha lakabu juu ya posti, jina lako bado linasomeka kwenye anwani. Jisajili kwa lakabu tangu mwanzo, kwa baruapepe mpya ya lakabu hiyo. Ukifungua kurasa za blogu kwenye Facebook, Instagram au TikTok, ikatalie programu kusoma nambari zilizo kwenye simu yako, na usijisajili kwa laini ya kila siku. La sivyo ukurasa wako utapendekezwa kwa mabinamu kabla hujaandika neno.

Halafu kuna M-Pesa, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mtu anaficha jina mwaka mzima, kisha chini ya posti anaweka nambari yake ya simu ili wasomaji wamsaidie. Kila anayetuma anaona jina lililosajiliwa kwenye laini ile. Ukitaka kupokea pesa, tumia till, yaani nambari ya malipo ya biashara, yenye jina la biashara.

Ukurasa wa "Kuhusu" usiuahirishe. Maneno 150 hivi yanatosha: wewe ni nani kwa jina ulilochagua, unamwandikia nani, posti hutoka siku gani. Andika "mimi ni mwanablogu" moja kwa moja. Wengi huandika "najaribu kublogu kidogo", na mfanyabiashara anayetafuta pa kutangaza akisoma hivyo anapita. Siku ya posti iwe moja kwa wiki, unayoiweza hata mwezi wa Ramadhani, na uwe na posti nne au tano tayari kabla hujatangaza kwa watu.

---

SheriaPwani amejibu:

Naongeza upande wa picha, kwa sababu watu wa Mombasa huuchukulia wepesi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Sheria ile inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani tupu, lakini blogu iliyo wazi kwa dunia nzima, tena ikiingiza pesa, usiiegemeze kwenye kinga hiyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Hao ni wafanyabiashara, naam, lakini unaona mambo yanaelekea wapi.

Kwa mtu mzima, omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Mtumie picha yenyewe pamoja na maneno utakayoyaandika chini yake, mwambie itawekwa wapi, na kwamba anaweza kukuomba uitoe wakati wowote. Hilo la mwisho si hisani yako. Sheria inampa haki ya kuondoa idhini. Ujumbe huo usiufute.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, idhini ni ya mzazi au mlezi, na lazima maslahi ya mtoto yazingatiwe. Wako mwenyewe unaweza kumwidhinisha, ila binafsi sikushauri uweke uso wake. Mpige kutoka nyuma, au mikono tu akikanda unga wa mahamri. Angalia nembo kwenye sare ya shule, jina lililoandikwa kwenye begi la madrasa, nambari ya gari, na kioo nyuma yake. Kwa Mji wa Kale kuna jambo jingine: mlango. Mlango wa nakshi wa nyumba moja haufanani na wa nyumba nyingine, na wakaazi na watembezaji watalii wanaijua ni ya nani. Ukipiga picha barazani kwako, kata fremu isishike mlango.

Na ukienda kupiga picha za mjini, bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni viache. Askari wa pale hawataki kamera.

---

FundiWaMajengo amejibu:

Mitambo. Kwa simu na pesa kidogo, Blogger inakutosha. Ni ya Google, ni bure, na anwani yake huishia na blogspot.com. Faida yake kubwa ni kwamba siku ukinunua anwani yako mwenyewe unaiunganisha bila kuilipa Blogger chochote. WordPress.com ina sura nzuri zaidi, lakini kuweka anwani yako kunahitaji mpango wa kulipia.

Anwani za .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala. Kuna .co.ke inayojulikana na wengi, na .me.ke iliyowekwa kwa watu binafsi. Kwa kawaida ni shilingi elfu moja hivi kwa mwaka, lakini angalia bei ya kulipia tena mwaka wa pili, si ya ofa tu. Inunue wewe, kwa baruapepe yako. Kosa linaloua blogu nyingi ni kumwachia fundi anunue kwa jina lake; akihama au mkikosana, anwani inaondoka naye. Kwa vile unatumia lakabu, muulize pia wakala kama jina na nambari yako vitaonekana kwenye kumbukumbu za umma za wenye anwani.

Picha moja ya simu ina MB 3 hadi 5. Ukiweka kumi kwenye posti ya biriani, msomaji mwenye bando dogo anaifunga kabla haijafunguka. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200, JPEG kwa ubora wa 75 hadi 80, ije chini ya KB 200. Kabla ya hapo, zima alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera. Simu huandika ndani ya faili mahali hasa ulipopigia picha, na blogu yako inaweza kuitoa faili hiyo kama ilivyo. Kwa picha za zamani, jitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, usiitume kama hati, kisha tumia nakala ile; alama ya mahali inaondoka.

Ulinzi: weka hatua mbili za kuingia kwenye akaunti ya Google, na msimbo utoke kwenye programu ya misimbo badala ya SMS, maana wezi wa laini wakikubadilishia laini SMS zinawafikia wao. Google itakupa misimbo kumi ya akiba. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Kila mwisho wa mwezi pakua nakala ya blogu kutoka kwenye mipangilio. Itakuja faili ya posti. Hapa watu hukosea: faili ile ina maandishi na maoni, picha zenyewe hazimo. Picha zihifadhi kando, folda moja kwa kila posti.

Maoni yasitoke mpaka uyaidhinishe. Si kwa sababu ya matusi tu. Khalati yako ataandika kwa mapenzi tu, "mashallah mama Fulani, vipi mguu wa mzee?", na lakabu yote imekwisha.

---

BintiKuze ameandika:

Shukran sana, nyote. Sikujua hilo la jina la kuingilia. Imebaki moja: harusi. Posti za kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, ndizo watu wanazozitaka kuliko zote. Na jamaa akikasirika baada ya posti kutoka, nifanye nini hasa?

---

BiKisauni amejibu:

Mwanangu, ukumbi wa kupamba usiupige kabisa. Wanawake pale wamevua mabuibui kwa kuaminiana, na picha moja ikitoka umemharibia bibi harusi na umemvunjia heshima kila aliyekuwa nyuma yake. Kurusha moja kwa moja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huna nafasi ya kukata. Andika kwa maneno: kikuba kilivyofungwa, asumini ngapi, udi gani ulifukizwa, hina ilikaa saa ngapi. Anayetaka kujua atajifunza zaidi hapo kuliko kwenye picha. Ukitaka picha, omba siku ya pili, upige nguo ikiwa juu ya kitanda au sahani ya halua. Mkono wenye hina nao uombee ruhusa. Aliyeuchora anaijua kazi yake na atasema ni wa nani.

Jamaa akikasirika, itoe siku ile ile, mjadala baadaye. Na kuitoa si kufuta posti peke yake. Kwenye WordPress picha hubaki kwenye hifadhi, na mwenye kiungo chake bado anaiona, kwa hivyo ifute na huko. Kisha ingia kwenye ukurasa wa Google wa kuomba kuondolewa matokeo yaliyopitwa na wakati, uweke anwani ya posti. Kama kiungo kilishatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ile picha ndogo iliyokuja nacho itabaki kwenye simu za watu hata ukibadilisha blogu. Waombe wasimamizi wa magrupu waufute ujumbe. Ukishamaliza hayo mpigie simu jamaa yako, usimwandikie, umwambie umefuta wapi na wapi na ni wapi pamebaki.

---

KalamuTudor amejibu:

Naunga mkono Bi Kisauni. La pesa kwa ufupi: Google AdSense, mpango wa Google wa kulipia matangazo kwenye blogu, hailipi mpaka ufike dola 100, na kwa blogu mpya hilo huchukua muda mrefu, kwa hivyo mapato ya kwanza mara nyingi hutoka kwa wauzaji wa hapa hapa, wa nguo, viungo na vyombo. Ukilipwa au ukipewa bidhaa bure, liseme kwenye mstari wa kwanza wa posti, si chini. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mkaazi wa Kenya anayelipwa kwa kazi ya maudhui ya kidijitali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani anayekulipa huikata kabla ya kukupa pesa, basi uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na umdai anayekukata cheti cha makato. Cheti hicho kitatoka kwa jina lako la kitambulisho. Ankara na mawasiliano ya kazi yapeleke kwa baruapepe nyingine, isiwe ile ya lakabu inayoonekana kwenye blogu.