Naomba ushauri: vijana wa kujitolea zimamoto wananiishia

Habarini ndugu zangu. Nasimamia kikundi cha kujitolea cha zimamoto na huduma ya kwanza mtaani kwetu, Dar es Salaam. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Ukipiga 114, gari la Zimamoto linaishia barabarani, na dakika za mwanzo ni sisi na ndoo za mchanga. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, vijana 22 walijiandikisha kwa mkupuo. Leo nina 6.

Siwalaumu. Wengi ni bodaboda, na siku ya mazoezi ni siku ya kukosa hesabu ya bosi. Mwezi uliopita mmoja alizima mtungi wa gesi kwa blanketi lililoloa, mkono ukababuka hadi kiwiko. Dawa alijinunulia mwenyewe. Wiki iliyofuata akanirudishia buti na kofia, kavisafisha vizuri: "Samahani kaka, mama kakataa." Usiku ule sikulala.

Mliowahi kuendesha vikundi kama hivi, mnawashikaje vijana? Nauli kidogo inasaidia, au siku ikikosekana ndiyo ugomvi? Bima ya kikundi mliipataje? Na akina mama, ambao ndio wapo nyumbani moto unapozuka mchana, mliwaingizaje?

Natanguliza shukrani.