Naomba ushauri: Je, mwanafunzi wa sheria anaweza kumwakilisha shangazi yake katika Baraza la Ardhi?

Alizeti ya Chamwino (mwanzisha uzi)
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria hapa Dodoma. Shangazi yangu, ambaye ni mjane, ana mgogoro wa shamba la ekari tatu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Babu alimpa shamba hilo akiwa hai, na shangazi amelima mtama na alizeti humo miaka yote. Baraza la kata limejaribu kuwapatanisha likashindwa, na hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hana fedha za wakili. Darasani tunazichambua sana hukumu za Mahakama ya Rufani, na mabaraza haya tunayapitia haraka, ingawa huko ndiko watu wengi wa vijijini wanakokutana na sheria kwa mara ya kwanza. Je, ninaweza kusimama kwa niaba yake ilhali mimi si wakili? Jambo hili limeninyima usingizi.

Msaidizi wa Kisheria, Kongwa
Unaweza, lakini si kwa sababu unasoma sheria. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 kinamruhusu mdaawa, yaani mtu mwenye shauri, kufika mwenyewe, au kuwakilishwa na wakili, au na ndugu yake, au na mtu wa kaya yake. Utasimama kama mtoto wa kaka yake, basi. Jambo la kwanza ni kuhakikisha mmechukua uthibitisho wa kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kata hupatanisha tu, haiamui tena, na baraza la wilaya halisikilizi shauri la umiliki bila uthibitisho huo, isipokuwa siku 30 zimepita bila kata kumaliza kazi yake.

Mzee Mtunza Mila
Kijana, kabla ya vifungu kuna ukoo. Shamba la ukoo halimfuati binti kwa mumewe. Ninyi mnaosoma mjini mnarudi nyumbani na karatasi za kuwagawa ndugu waliokula chungu kimoja. Kaeni kikao, wazee waseme, mambo yaishe.

Mama Zabibu
Shikamoo mzee wangu. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja na kamba kulipima shamba letu la zabibu kabla hata hatujaanua matanga, na hao wazee wa kikao ndio waliowashikia kamba. Nilihangaika sana. Kilichoniokoa hakikuwa wakili, bali jirani mmoja, mama mtu mzima, aliyekubali kusimama na kueleza alichokiona kwa macho yake siku mume wangu aliponionyesha mipaka. Mwanangu, msaidie shangazi yako. Mjane asiye na mtu wa kumsemea huonekana kama mgeni katika shamba alilolima mwenyewe.

Msaidizi wa Kisheria, Kongwa
Mzee wangu, kwa heshima zote, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume.

Kibaigwa Sokoni
Ndugu mwanafunzi, umetueleza habari za shangazi, za babu, za kata na za darasani. Mjibu maombi, yaani huyo anayelalamikiwa, ni nani?

Alizeti ya Chamwino
Ni mtu wa ukoo wetu. Sidhani kama jina lake linabadilisha sheria.

Kibaigwa Sokoni
Sikuuliza jina. Nimeuliza ni nani kwako.

Alizeti ya Chamwino
Ni baba yangu mzazi. Tangu Serikali ihamie Dodoma bei ya ardhi ya Chamwino imepanda, na amepata mnunuzi. Tafadhali msiniambie nirudi nyuma, kwa sababu maombi nimekwisha kuyaandika na shangazi ameweka dole gumba. Simchukii baba. Lakini ikiwa sheria ninayosoma inafaa kwa watu wengine tu, na ikifika mlangoni kwetu niifunge kabatini, sijui ninaisomea nini.

Mzee Mtunza Mila
Sasa umesema. Mtoto anayempeleka baba yake barazani atazikwa na nani?

Mwalimu wa Jioni
Naomba niwe mkweli. Nimesahihisha mitihani kwa muda mrefu, na kisa hiki kina harufu ya swali la darasani. Mjane yupo, zawadi ya mdomo ipo, ukoo upo, mnunuzi amejitokeza kwa wakati, kata imeshindwa, na mlalamikiwa amefichwa hadi mwisho. Ninadhani mwanafunzi anataka tumwandikie majibu ya zoezi lake.

Kibaigwa Sokoni
Hata mimi nimeanza kupata shaka.

Alizeti ya Chamwino
Mwalimu, swali la mtihani lingenipa kila kinachohitajika ili nijibu. Mimi ninakosa hata karatasi moja ya babu, kwa sababu hakuandika chochote. Alipima kwa kamba kutoka kwenye mbuyu hadi korongoni. Najua hivyo kwa kuwa nilikuwa darasa la sita, na ncha moja ya kamba niliishika mimi. Mzee mwingine aliyekuwepo siku ile amekwisha kufariki.

Mwalimu wa Jioni
Naondoa shaka yangu, na ninaomba radhi. Lakini tazama ulichokisema sasa hivi.

Msaidizi wa Kisheria, Kongwa
Mdogo wangu, hapo ndipo penye uzito kuliko swali lako la kwanza. Wewe ni shahidi, na huenda ndiye pekee aliyebaki hai mbali na wenye mgogoro wenyewe. Shahidi husubiri nje ili asisikie wenzake wanachosema, ilhali mwakilishi hukaa ndani tangu mwanzo. Ukikaa ndani, kisha ukatoa ushahidi, baba yako atasema umeyatengeneza maneno kufuatana na uliyoyasikia. Isitoshe, mwakilishi ndiye atakayemuuliza baba yako maswali ya dodoso, yaani ya kuupima na kuupinga ushahidi wake, mbele ya wazee wa baraza. Je, umejiandaa kumwambia baba yako mzazi kwamba anasema uongo?

Alizeti ya Chamwino
Nilijiandaa kwa sheria. Kwa hilo sikujiandaa. Hata hivyo, nikiwa shahidi, nani atamsemea shangazi? Wasaidizi wa kisheria hamruhusiwi kusimama kama mawakili.

Msaidizi wa Kisheria, Kongwa
Ni kweli, haturuhusiwi, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaturuhusu kumwelekeza na kumwandaa. Je, shangazi hana mtoto?

Alizeti ya Chamwino
Anaye binti. Alimaliza kidato cha nne, na analima naye shamba hilohilo.

Mama Zabibu
Basi huyo ndiye. Ni mtoto wake, ni mtu wa kaya yake, na shamba analijua kwa jembe.

Alizeti ya Chamwino
Bado ninaamini ningeweza kuliendesha shauri hili vizuri zaidi, lakini nitazungumza na binamu yangu. Maombi sitayaondoa. Jumamosi nitakwenda nyumbani nimweleze baba mimi mwenyewe, kabla wito wa baraza haujamfikia.

Mzee Mtunza Mila
Hilo la kumweleza kwanza ni la heshima. Nenda na mjomba wako, usiende peke yako.