Stika ya "kuzuia mionzi" ya simu: mama yangu kapigwa elfu 30!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jumamosi vijana wawili wenye makoti meupe waliibukia kwenye kikao cha kikoba cha mama. Wakafundisha "afya" kama dakika ishirini, kisha wakawaambia akina mama kwamba simu inaleta saratani ya ubongo na "hata WHO imethibitisha". Kinga? Stika ya kubandika nyuma ya simu, elfu 15. Mama kachukua mbili, yake na ya mzee. Na anatumia kiswaswadu!

Kinachoniuma ni kwamba wamemnasa kwa neno mionzi. Mama alimuuguza dada yake Ocean Road, hospitali ya saratani, akaona wagonjwa wanavyopigwa mionzi. Ukimtajia neno hilo haulizi tena. Kiswahili chetu kinaita vyote mionzi, lakini ya simu ni mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei.

Na hiyo "imethibitisha" ni uongo. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yanaleta saratani. Humohumo kuna dondoo ya jani zima la aloevera. Mbona hawauzi stika za aloevera? Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO wenyewe, tafiti 63: hawakuona uhusiano na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu zaidi ya miaka 10.

Halafu simu ukiiziba mawimbi inaongeza nguvu kuutafuta mnara, ndiyo maana betri inakwisha upesi mtandao ukiwa hafifu. Uholanzi mwaka 2021 mamlaka ya mionzi ilikuta bidhaa 10 za "kinga ya 5G" zenyewe zinatoa mionzi, ile hatari kwelikweli, na nyingine ni za kuvaa shingoni! Mwenye wasiwasi aweke spika simu ikae mbali na kichwa. Bure.

Namba yao nimepiga. Mara ya kwanza, "tupe dakika tano kaka tunakurudia". Sasa haipatikani. Wajuzi, hawa nawapeleka polisi au Tume ya Ushindani? Maana risiti hakuna, na shahidi wangu mkuu kakataa kubandua stika, anasema tangu aibandike kichwa kimepungua kuuma.