Zimebaki wiki tano marathoni yangu ya kwanza na ugoko unauma: nifidie mazoezi niliyokosa au nihamie nusu?

Pumzi Fupi

Habari zenu wakimbiaji.

Nina miaka thelathini na ushee, kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa, na kukimbia nilianza kwa ajili ya afya tu. Kilomita tano zikazaa kumi, kumi zikazaa nusu marathoni, ambayo msimu uliopita niliimaliza kwa saa 2 na dakika 8 nikiwa bado nacheka na watu. Hapo tamaa ikaingia, nikajiandikisha kilomita 42.

Nilichukua programu ya wiki 18 yenye siku nne za kukimbia: mbio ndefu mara moja, kasi mara moja, siku mbili mwendo mwepesi. Mwanzo wote nilikuwa najifurahia mwenyewe. Vilima nilivyokuwa navitembea nikaanza kuvipanda huku napiga soga. Kisha homa ikanilaza kama wiki mbili. Niliporudi niliunga pale programu ilipokuwa imefika, na wiki hiyohiyo ugoko wa kulia ukaanza kuuma kwa upande wa ndani. Jumamosi iliyopita zilikuwa kilomita 28. Mpaka 21 niko vizuri, kufika 23 nikakata moto kabisa: miguu mizito, kichwa kinaelea, hasira na kila mtu. Zilizobaki nilizitembea.

Programu sasa inadai 30, halafu 32. Wenzangu ninaokimbia nao alfajiri wanasema nisipoigusa 40 kabla ya siku yenyewe nitaumbuka, kwa hiyo niongeze siku ya tano ya kufidia zile nilizokosa. Mume wangu anasema nihamie nusu, maisha yaendelee. Lengo langu lilikuwa saa 4 na dakika 15.

Nisaidieni, hasa mliokwisha kupita njia hii. Nafidia vipi? Na huyu ugoko ni wa kuvumilia au ni wa kuogopa?

Soli Imeisha

Dada usirudi nyuma. Maumivu ni sehemu ya mchezo. Mimi marathoni yangu ya kwanza niliikimbia goti likiwa limevimba na nikamaliza. Piga 38 wiki ijayo, kichwa kikishaamini miguu itafuata.

Mwendopole

Soli, goti lako lilikuwa lako, usimgawie mwenzio.

Pumzi Fupi, pole na homa. Wiki mbili ulizoumwa si deni, hakuna anayekudai. Ulichopoteza kwenye pumzi ni kidogo na kinarudi upesi. Kinachoniogopesha ni huko kurudi kwako: mapafu na moyo hukubali mzigo mapema, lakini mifupa na kano hujenga uwezo polepole, na wewe uliipa mzigo wa mtu ambaye hakuwa kitandani. Ukiongeza siku ya tano unauongeza mzigo uleule uliouamsha huo ugoko.

Halafu hili la kugusa 40. Linatoka kwa wakimbiaji wa kulipwa, na kwao lina maana, kwa sababu mtu wa namna hiyo akitoka kwa kilomita 40 za mazoezi, ndani ya saa mbili na nusu yuko anaoga. Wewe kilomita hizohizo zingekuweka barabarani zaidi ya saa nne, na mwili ungehitaji wiki kadhaa kupona, wiki ambazo huna. Kwa watu wa kasi yetu hesabu saa, achana na kilomita. Saa tatu za kukimbia mfululizo zinatosha, na ukizidi tatu na nusu unalipa kuliko unachopata. Wanaomaliza marathoni ya kwanza bila kuwahi kuvuka 30 kwenye mazoezi ni wengi mno.

Kabla sijasema zaidi: siku ya zile kilomita 28 ulikula nini njiani, na ulikuwa unakimbia kasi gani?

Pumzi Fupi

Nilikunywa maji tu, nusu chupa hivi. Asubuhi nilitoka bila kula, nimezoea. Kasi ilikuwa dakika 5:50 kwa kilomita, ndiyo kasi ya kundi.

Saa Mkononi

Subiri kwanza. Nusu marathoni ya 2:08 ni 6:04 kwa kilomita. Ukikimbia 5:50 unafika kilomita 21 na mita mia kwa saa 2 na dakika 3. Maana yake Jumamosi, kwenye mazoezi, tumbo tupu, umetoka kwenye homa, uliipita rekodi yako ya nusu kwa dakika tano na bado ukaambiwa endelea. Kukata moto kwenye 23 kwa hesabu hizo ni jambo la kawaida kabisa. Mimi ningeanguka kwenye 18.

Mbio ndefu ya mwanafunzi wa marathoni inatakiwa iwe ya kuongea sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Kwako ningesema 6:50, hata 7:00. Najua kundi litakuacha. Likuache.

Na 4:15, samahani, iweke kando. Kuna kanuni ya Peter Riegel, mhandisi Mmarekani, ambayo watu wengi huitumia kukisia: chukua muda wa nusu, zidisha kwa 2.085. Wewe inakupa kama 4:27, na hiyo inachukulia kwamba mazoezi ya kilomita nyingi yamekamilika. Kwa anayekimbia siku nne, tena msimu uliokatika katikati, kanuni hiyo hupendelea. Anzia kwenye 4:40 au 4:45, miguu ikikataa kuchoka utaongeza mwishoni.

Mwendopole

Saa Mkononi amenifanyia kazi ya kasi, mimi nimalizie ya tumbo.

Kwenye misuli na ini mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, na akiba yote ya mtu mzima ni kiasi cha kilokalori 2,000. Kukimbia kunakula takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 62 anahitaji kama 2,600 kufika kilomita 42. Sehemu inatoka kwenye mafuta ya mwili, ila kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoegemea wanga, na ndiyo maana 5:50 ilikumaliza mapema kuliko ambavyo 6:50 ingekumaliza.

Kwa hiyo kula njiani. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Pakiti moja ya jeli ya nishati huwa na gramu 20 hadi 25 hivi, soma nyuma yake, basi ni moja kila nusu saa au dakika arobaini. Ya kwanza iingie kabla hujahisi chochote, ndani ya dakika 40 za mwanzo, maana ukisubiri hadi ulegee umechelewa. Imeze na maji. Na ufanye hivyo kwenye mbio ndefu zote zilizobaki, kwa sababu tumbo nalo linafanya mazoezi, na tumbo lisilozoea litakutafutia kichaka kilomita ya 29.

Fundi Viungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ninyi mnahesabu kasi, ugoko umeachwa.

Dada, fanya hivi. Pitisha kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa ndani, kutoka chini kwenda juu. Kama unauma eneo refu, tuseme upana wa kiganja au zaidi, na maumivu huanza mwanzoni mwa mbio kisha yanalegea mwili ukipata joto, kuna uwezekano mkubwa ni mvutano wa misuli na utando unaofunika mfupa. Inaudhi, lakini hupoa mzigo ukipungua. Kama kuna sehemu moja, ya ukubwa wa ncha ya kidole, ukiibonyeza unaruka, au mguu unauma usiku umelala, au maumivu yanazidi kadiri unavyokimbia, au ukiruka kwa mguu huo mmoja unashindwa, hapo shuku ufa wa mfupa. Usikimbie hata kilomita moja hadi daktari akuone. Na picha ya eksirei ikitoka safi wiki za mwanzo isikudanganye, ufa wa aina hiyo mara nyingi hauonekani mapema. Kipimo cha MRI ndicho huuona.

Niwie radhi kwa swali hili, nisipouliza sijafanya kazi yangu: siku zako za mwezi zinakuja kama kawaida? Zikipotea katikati ya msimu wa mazoezi, mara nyingi ni dalili kwamba unakula kidogo kuliko unachotumia, na mifupa ndiyo huanza kulipa. Huko kutoka alfajiri bila kula hakunifurahishi.

Soli, goti lililovimba halivumiliwi. Ulipona kwa bahati.

Soli Imeisha

Nimekubali, fundi. Ila sikuwa na wa kuniuliza.

Pumzi Fupi

Siku ziko sawa. Ugoko unauma eneo refu, lakini sehemu moja kidogo inazidi nyingine, kwa hiyo nimeogopa, nimepanga kwenda kwa daktari. Jeli nimenunua. Nikimwambia mume wangu habari ya 4:45 anasema hiyo si ndiyo kutembea?

Nusu Yatosha

Mimi niko upande wa mume. Marathoni zipo kila mwaka, mguu huu ni mmoja. Waandalizi wengi wanaruhusu kubadili umbali hadi tarehe fulani, soma masharti yako leo maana tarehe hiyo huwa inapita kimyakimya. Kuhamia nusu si aibu, na 2:08 yako ungeivunja bila shida.

Saa Mkononi

Hoja nzuri, hasa hiyo ya tarehe. Ila uamuzi uachwe kwa ugoko, msiufanye kwa hofu. Daktari akisema mfupa una ufa, hata nusu isahau. Akisema ni misuli, 42 bado inawezekana.

Na mwambie shemeji kutembea si matusi. Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amewafundisha watu wengi kukimbia dakika kadhaa na kutembea nusu dakika au dakika moja tangu mwanzo wa mbio. Sharti liko hapo kwenye mwanzo. Anayetembea kwa mpango kilomita ya tatu na anayetembea kwa kuishiwa kilomita ya thelathini wanamaliza kwa nyuso tofauti sana.

Pumzi Fupi

Wakuu, nimerudi. Daktari amebonyeza, amenipima kwa MRI, amesema mfupa hauna kitu, ni misuli na utando. Nilipumzika kukimbia wiki nzima, nikaendesha baiskeli na kuogelea. Fundi, lile zoezi uliloniandikia pembeni, la kupanda na kushuka kwa vidole vya mguu kwenye ngazi, nafanya kila siku. Jana nimekimbia 22 kwa 6:50, nimekula asubuhi, jeli nne njiani. Ugoko ulinong'ona kilomita ya kwanza ukanyamaza. Nilimaliza nikiwa na nguvu za kupika! Kundi sikuliona tena baada ya kilomita ya pili.

Nimebaki na 42. Sasa wiki hizi za mwisho nafanyaje?

Mwendopole

Safi. Wikendi ijayo saa tatu kwa mwendo huohuo, utapata kama kilomita 26, na hiyo ndiyo ndefu yako ya mwisho. Wikendi inayofuata 14 au 15. Wiki mbili za mwisho punguza kilomita, wiki ya mbio zifike chini ya nusu ya ulizozoea, lakini usilale kabisa, weka vipande vichache vya kasi ili miguu isisahau. Utaanza kuhisi maumivu ya ajabuajabu mahali ambapo hapajawahi kuuma. Wengi huyahisi mazoezi yakipungua, usihangaike nayo. Ugoko ndio pekee wenye ruhusa ya kukusimamisha.

Na maji: kunywa kwa kiu. Wagavi wa maji watakusihi kila kituo, usinywe kwa adabu. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti waliwapima wakimbiaji mwishoni na asilimia 13 walikuwa na chumvi (sodiamu) ya chini kwenye damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani kwa kunywa na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Yaani watu wa kasi yetu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni nazo ziache nyumbani siku hiyo, zinaielemea figo.

Saa Mkononi

Kilomita kumi za kwanza 6:45, hata ukijisikia unapaa. Ukifika bango la 10 saa yako isome 1:07 na ushee. Ukiona 1:02 umeshakopa, punguza hapohapo. Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35 mwaka 2023, nusu ya kwanza alikimbia 60:48, ya pili 59:47. Kama yeye aliona haja ya kujizuia mwanzoni, sisi ni nani?

Soli Imeisha

Mimi nichangie ninayoyajua kwa damu. Kata kucha za miguu siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na chini ya mikanda ya sidiria, mke wangu ameniagiza niseme hilo la mwisho. Viatu viwe vilevile ulivyokimbilia 22, vikiwa vipya viache sandukuni. Na fika mapema, foleni ya choo siku hiyo ni ndefu kuliko unavyofikiria.