Moyowosi au Ugalla kwa kutembea kwa miguu? Naomba ushauri

Mgebuka_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Nina wageni wanakuja kutoka Dar, wamenikalia kooni: wanataka kutembea kwa miguu na mwongozaji kwenye ardhi oevu, waone wanyama. Twiga wa dirishani wamewachosha. Mimi nipo Kigoma mjini. Nimebaki na maeneo mawili ya huku magharibi, Moyowosi na Ugalla. Ipi bora? Ijumaa natakiwa kutanguliza hela. Nawasilisha.

Muha_wa_Kasulu: Mkuu, umeuliza nusu. Mwezi gani? Watu wangapi? Kuna watoto? Wanataka mnyama gani? Masika na kiangazi huko ni nchi mbili tofauti.

Nyuki_wa_Sikonge: Ugalla, funga mjadala. Ni hifadhi ya taifa tangu 2019, ipo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kiangazi mto unakatika, yanabaki mabwawa, viboko na mamba wote wanabanana humo. Huna haja ya kuwatafuta. Ukiingia miomboni kidogo unaweza kukutana na palahala, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma. Na asali ya huku sihitaji kuisifia.

Mwl_Nguruka: Nyuki anavutia kamba kwake. Mwenzetu kaulizia oevu, na oevu ni Malagarasi na Moyowosi. Ndiyo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni tatu. Huku kuna korongo nyangumi, ndege mkubwa wa mdomo mpana. Anasimama kwenye mafunjo akimvizia kambare au kamongo, hatikisiki, unaweza kumpita ukadhani ni kisiki. Kuna na nzohe, swala wa kwenye maji. Yeye kwato zake ni ndefu na zimetanuka, kwa hiyo kwenye matope laini anaacha alama mbili zilizoachana, huwezi kuichanganya na ya swala mwingine. Akishtuka anaingia majini anabakiza pua.

Muha_wa_Kasulu: Mwalimu, malizia na upande wa pili. Moyowosi ni pori la akiba, lipo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kibali kwanza. Uwindaji unafunguliwa Julai, yaani kiangazi hicho hicho ambacho njia zinapitika. Mnyama aliyezoea mlio wa risasi hakusubiri umpige picha.

Kibirizi_Boy: Kwa nini msiende Gombe? Boti zipo hapa Kibirizi, unatembea na mwongozaji, sokwe wa jamii ile ile ambayo mtafiti Jane Goodall alianza kuifuatilia 1960.

Mwl_Nguruka: Gombe ni milima na mabonde, kijana. Soma swali.

Dada_Ujiji: Jamani, sehemu si hoja kubwa kama anayekutangulia mbele. Mimi na wenzangu tulichukuliwa na kampuni moja, jina naliacha, kwenda huko bonde la Malagarasi. Tuliahidiwa askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Kufika, tunaambiwa askari kapata dharura, lakini mwongozaji "ni mwenyeji". Haya. Alfajiri tukaingia kwenye matete kwa njia moja pana, imekanyagwa ikawa mfereji. Nikaona mavi yamerushwa kwenye majani mpaka usawa wa kiuno. Nikamuuliza, hii njia ya nani? Akasema ya ng'ombe. Bibi yangu ni wa Ilagala, nimekua najua kabisa kwamba ng'ombe hatawanyi mavi kwa mkia. Hiyo ni njia ya kiboko, na alfajiri ndiyo saa anayotoka malishoni kurudi majini! Sisi tumesimama katikati yake na maji. Sijamaliza hata kusema, matete yanavunjika nyuma yetu. Tulikimbilia kichuguu. Tukamkuta nani juu? Mwongozaji, tena kashika sehemu nzuri. Kiboko akapita hapo chini, hakutuangalia hata mara moja. Tulipodai hela yetu, tukaambiwa "si mmemwona kiboko?"

Sasa wewe usilipe salio kabla hujamwona askari mwenyewe kwa macho.

Nyuki_wa_Sikonge: Hahaha, kashika sehemu nzuri. Pole sana dada.

Mwl_Nguruka: Pole. Ila bunduki nayo isiwape kiburi. Ndani ya matete huoni mbele, utalenga nini? Mimi nampa nafasi mvuvi wa Ziwa Sagara anayejua upepo unatoka wapi na kiboko mwenye ndama kalala kona ipi.

Muha_wa_Kasulu: Mvuvi aongoze, askari awepo. Mbona mnawagombanisha?

Kibirizi_Boy: Ndorobo, wale mbung'o, vipi huko? Nasikia wanauma juu ya shati.

Nyuki_wa_Sikonge: Wanauma kweli. Mwambie asivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawaita. Kaki au rangi ya majani makavu. Dawa ya kupaka wanaidharau.

Mgebuka_Mkavu: Asanteni wote. Niliwahi kulala jana. Ni Novemba katikati, watu wanne, mmoja ana miaka sita.

Muha_wa_Kasulu: Miaka sita!!! Na Novemba mvua zimeshaanza, udongo mweusi wa mbuga ukilowa gari haliendi mbele wala nyuma. Hilo ndilo lilikuwa la kuandika mstari wa kwanza, mkuu.

Dada_Ujiji: Huyo mtoto kichuguu hatakiwahi. Mwacheni kwa bibi yake, au wote mpande mtumbwi mkubwa mchana mwangalie ndege.

Mwl_Nguruka: Mtumbwi kwenye maji ya viboko na mtoto? Hapana, dada.

Kibirizi_Boy: Gombe nako wadogo hawaruhusiwi kwa sokwe. Muogesheni ziwani tu.

Nyuki_wa_Sikonge: Wakija kwa treni washuke Tabora, mimi nitawapokea. Mtoto ataona mizinga.

Muha_wa_Kasulu: Mizinga ya nyuki na mtoto wa miaka sita. Nyuki, upo sawa kweli?

Mgebuka_Mkavu: Dada Ujiji, hiyo kampuni nitajie faragha. Inaanza na herufi gani?