Kompresa ya lita 24 au 50 kwa karakana ya nyumbani, Dodoma?

MbaoNzuguni:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta kompresa ya karakana ndogo ya nyumbani. Kazi zenyewe ni kupiga vanishi vitanda na makabati, kupuliza vumbi la randa na kujaza upepo tairi za bajaji. Nimeona mbili dukani, ya lita 24 na ya lita 50, zote zimeandikwa 2 HP (nguvu farasi za mota). Niongeze hela nichukue ya lita 50? Umeme ni fezi moja, na karakana iko mita 25 kutoka nyumbani.

UpepoKati:
Mkuu, mtungi ni ghala tu, kinachozalisha upepo ni pampu. Kama pampu ni ileile, ya lita 50 itachelewa kuishiwa na itachelewa pia kujaa. Angalia lita kwa dakika. Namba ya kwenye kibandiko mara nyingi ni hewa inayovutwa na pistoni; inayotoka ni kama theluthi mbili yake. Imeandikwa 200? Hesabu 130. Halafu Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, toa tena kama asilimia 10.

Sasa bomba la kupulizia rangi la HVLP (upepo mwingi, presha ndogo) hula lita 200 hadi 350 kwa dakika. Presha itashuka hujamaliza mlango mmoja wa kabati, vanishi itatoka matone matone na kukauka kama ganda la chungwa. Tafuta bomba la LVLP (upepo kidogo, presha ndogo) lenye tundu la milimita 1.3, linalotumia lita 100 hadi 150. Kwa vanishi chukua ya lita 50. Tairi na vumbi, hata ya 24 inatosha.

Na ijaribiwe mbele yako. Funga koki ya kutolea upepo, washa, geji ikigusa bar 4 anza kuhesabu muda, ikigusa 7 simamisha. Lita za mtungi zidisha kwa 3 (7 toa 4), gawanya kwa dakika. Mtungi wa 50 ukitumia sekunde 75, ni 150 kwa 1.25, yaani lita 120. Muuzaji akikataa kuwasha, hamia duka jingine.

FundiMota_Dom:
Hapo kwenye mita 25 ndipo mota nyingi huungulia. Mota ya 2 HP inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Waya wa milimita za mraba 1.5 utaangusha volti, mota itaunguruma bila kuzunguka. Vuta waya wa 2.5 au zaidi. Ekstensheni usitumie, refusha mpira wa upepo.

Ikizima yenyewe lazima usikie "fyuu" fupi pale kwenye swichi ya presha. Ile sauti isipokatika, valvu ya kuzuia upepo usirudi imeshika uchafu. Isafishe mapema, maana upepo ukibaki juu ya pistoni mota hushindwa kuanza.

MbaoNzuguni:
Asanteni sana. Vipi maji kwenye vanishi?

UpepoKati:
Chujio la maji lifunge mwisho wa mpira, karibu na bomba la rangi. Ukilifunga kwenye mtungi, upepo bado ni wa moto na mvuke unapita, unakuja kuwa maji mbele ya safari. Koki ya chini ya mtungi ifungue kila jioni hata kiangazi, kutu huanzia ndani. Kompresa yenyewe ikae nje kivulini, vumbi la msasa huziba filta haraka. Oili ni ya kompresa, VG 100 (namba ya uzito wa oili). Ya gari huacha masizi kwenye valvu.