Mafuta ya anisi nyota yameganda usiku, je ni bandia?

Furaha wa Kadutu
Wapendwa, hamjambo. Nimenunua kichupa cha mafuta ya anisi nyota, yale ambayo farmasi za hapa Bukavu wanayaita badiane. Jioni yalikuwa maji kabisa, asubuhi nayakuta meupe, yana punjepunje kama samli. Nimeuziwa bandia? Mimi nilitaka ya kuchua mgongo. Lakini mama mkwe anasisitiza mtoto wangu wa miezi mitatu apewe tone moja kwenye maji, gesi inamsumbua. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Fundi Sabuni
Dada Furaha, tulia. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni anetoli, ndiyo inayoleta ile harufu tamu, na ikiwa safi huganda chini ya nyuzi 21 hivi. Kwa baridi yetu ya usiku, yasipoganda ndipo ungeshangaa. Ila kuganda peke yake si ushahidi kwamba ni halisi, maana anetoli ya kiwandani nayo huganda. Simamisha kichupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yakiyeyuka yote tikisa, ndipo upime. Ukichota yakiwa nusu yameganda, unachota sehemu tu ya mafuta.

Yaya Muuguzi
Mtoto asipewe hata hilo tone, mdogo wangu. Nakuomba sana. Mti wa anisi nyota wa China na Vietnam una ndugu yake wa Japani mwenye sumu, na matunda yao yakikauka hayatofautishwi kwa macho. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu wasinywe chai yake, baada ya wagonjwa, wakiwemo watoto wachanga, kutapika na kupata degedege. Hiyo ilikuwa chai tu; mafuta ni makali zaidi. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie. Wewe pia usiyanywe, hasa unaponyonyesha.

Furaha wa Kadutu
Aksanti sana yaya, mama mkwe nitamsomea haya. Na ya mgongo?

Fundi Sabuni
Matone sita kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti yanatosha. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje hadi kesho.

Yaya Muuguzi
Na unawe mikono vizuri kabla ya kumshika mtoto. Mgongo ukiendelea kuuma, njoo nao upimwe.